Watoto wa gredi ya 7 hadi 9 na mabadiliko ya tabianchi: wape kitu cha kupima, kisha wape jambo la kuamua

#1 Mwalimu wa Kwale

Salamu kwenu wanajukwaa. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe nalibeba moyoni. Nafundisha Sayansi Jumuishi sekondari msingi huku Kwale, watoto wa miaka 12 hadi 14. Walimu wenzangu na wazazi huniuliza mara kwa mara: tuwafundishe vipi watoto hawa mabadiliko ya tabianchi mpaka yawaingie, na wao wenyewe washike jambo la kufanya?

Jibu linalokuja haraka ni miti. Siku ya mazingira inafika, miche inaletwa na gari, wageni wanahutubia, watoto wanachimba mashimo huku wakipigwa picha, na muhula unaofuata ukipita pale unakuta vijiti vikavu. Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili watu wapande. Lengo hilo naliunga mkono. Lakini mtoto aliyechimba shimo kwa amri bado hajui kwa nini joto linapanda, na hajaona kama ana neno la kusema.

Umri huu una mambo yake. Mtoto wa gredi ya 3 atafurahi kuimba wimbo wa mazingira. Wa miaka 13 anataka kujua mambo mawili: "Umejuaje?" na "Hiyo ni haki?" Ukimjibu hayo mawili sawasawa, umempata. Ukimkwepa, atakuandikia majibu ya mtihani na moyoni asiamini hata moja.

Kwa hiyo ninaanza na kupima. Na kinachopimwa lazima kielekee kwenye uamuzi halisi wa shule, mmoja tu, ambao wakubwa tumekubali tangu mwanzo kwamba vipimo vya watoto vitauelekeza.

Mfano wa mvua. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ikate pale mabega yanapoanzia, na kile kichwa kigeuze kiwe faneli. Kitako cha chupa hakiko sawa, kwa hiyo weka kokoto ndani na umimine maji yazifunike mpaka yafike mahali ubavu wa chupa umenyooka. Bandika rula, sifuri ikae kwenye usawa huo wa maji. Fukia chupa nusu ardhini mahali pa wazi, mbali na paa na matawi. Kila siku saa 3 asubuhi, saa ile ile inayosomwa kwenye vituo vya hali ya hewa, watoto wa zamu wanasoma, wanaandika, na wanarudisha maji kwenye sifuri.

Hapo hesabu inaingia. Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Paa la madarasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 ni mita mraba 160. Ikinyesha milimita 25 usiku mmoja, juu ya paa hilo zimeshuka lita 4,000. Waambie watoto wapige hesabu hiyo wenyewe, kisha nyamaza. Atatokea mmoja atakayeuliza: "Mbona tangi letu limekauka?" Wakitoka nje kuangalia wataona mfereji wa bati umeng'oka pembeni na maji yote yanamwagika ukutani. Sasa una darasa lenye swali lake, lenye tarakimu zake, na mwalimu mkuu wa kwenda kumwona.

Jambo moja msiliache: msimu mmoja wa mvua hauwezi kuthibitisha kwamba tabianchi imebadilika. Tabianchi ni wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30. Waambieni watoto hivyo waziwazi, halafu watumeni kwa wazee. Mvuvi aliyevua tangu ujana anajua kusi ilikuwa ikianza lini na kaskazi ikiingia lini, na mama mkulima anajua masika ilikuwa ikimkuta ameshapanda. Maneno ya wazee yawekwe kando ya vipimo, yasichukue nafasi ya vipimo. Mtoto aone kwamba ni aina mbili za ushahidi, na kila moja ina nguvu yake na udhaifu wake.

#2 Mama wa Likoni

Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo. Ila niseme kama mzazi. Binti yangu yuko gredi ya 9, mtihani uko mbele, na kila wiki anarudi na mradi mpya unaotaka manila, rangi na gundi. Hizi chupa na daftari za mvua zitapata wapi muda? Isije ikawa mzigo mwingine kwa wazazi.

#3 Mwalimu wa Kwale

Mama, hoja yako ni ya kweli na naiheshimu. Ndiyo maana nasisitiza kitu kimoja kinachoendelea mwaka mzima badala ya miradi kumi ya wiki moja moja. Kusoma chupa ni dakika tano. Zile tarakimu mwalimu wa Hisabati anazitumia kufundisha wastani na grafu, na alikuwa afundishe hayo hata hivyo. Mahojiano na babu yanaandikwa kwenye somo la Kiswahili. Mwalimu wa Kilimo na Lishe anachukua vipimo hivyo hivyo kueleza lini mbegu iingie ardhini. Manila haihitajiki. Mzazi asitozwe hata shilingi.

Niwape mfano mwingine ambao kwangu ndio uliozaa zaidi: jikoni.

Shule nyingi zetu hupika chakula cha mchana kwa kuni. Tuliazima mizani ya kuning'iniza, kama ile wanayopimia samaki bandarini. Watoto wakawa wanapima kila mzigo wa kuni kabla haujaingia jikoni, na kuandika moto umewashwa saa ngapi na githeri, yaani mahindi na maharagwe, imeiva saa ngapi. Mwanzoni walipima tu, hawakubadilisha lolote. Hilo ni la lazima, kwa sababu bila kujua mlikotoka hamtajua kama mmefika.

Baadaye wakakaa na wapishi. Kwa suala la moto, hao ndio wataalamu wa shule, na kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuwauliza. Mpishi mkuu akawaambia kwamba yanayokula kuni ni maharagwe makavu, na kwamba yakilowekwa usiku kucha yanaiva mapema zaidi. Kwa nini hayalowekwi? Kwa sababu stoo hufungwa wapishi wakiwa wameshaondoka, na asubuhi hakuna muda. Watoto wakaenda kuomba maharagwe yatolewe stoo mchana, yapimwe, yalowekwe kabla ya kwenda nyumbani. Mwalimu mkuu akakubali. Wakapima tena, na rundo la kuni likawa linabaki mwisho wa wiki.

Siku ya kikao cha bodi waliomba nafasi ya kuzungumzia jiko la kuokoa kuni. Mjumbe mmoja akauliza kuni zilipimwaje, na kama siku za mvua kuni mbichi hazikuongeza uzito. Msichana wa gredi ya 8 akafungua daftari lenye masizi ya jikoni kwenye jalada, akamwonyesha safu waliyokuwa wakiandika "kavu" au "mbichi" kila siku. Yule mzee aliliangalia daftari lile kwa muda mrefu. Watoto hawa walikuwa wamesikilizwa kwa sababu walikuwa na ushahidi, na walitoka pale wakitembea tofauti.

#4 Mwl wa Tanga

Mkuu, nami nafundisha, ila huku Tanzania, darasa la 6 na la 7. Tatizo langu liko kwenye maarifa yenyewe. Watoto wanachanganya mambo, na nitakuwa mkweli, hata sisi walimu tunachanganya. Ozoni, plastiki, moshi wa magari, vyote tunavimwaga kwenye kapu moja la "uharibifu wa mazingira". Unaanzia wapi?

#5 Mwalimu wa Kwale

Mwalimu mwenzangu, umegusa penyewe. Nikiuliza darasa jipya nini kinaongeza joto duniani, jibu la kwanza huwa tundu la ozoni, na la pili takataka za plastiki. Siwakemei. Tunaandika majibu yote ubaoni kisha tunayachambua moja moja.

Ozoni iko juu angani na inatukinga na mionzi ya urujuanimno ya jua. Kuharibika kwake lilikuwa tatizo jingine, lililoletwa hasa na gesi zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia. Joto la sasa linaletwa hasa na hewa ukaa inayotoka tunapochoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na tunapokata misitu. Jua linaipasha ardhi, ardhi inalirudisha joto juu, na hewa ukaa inalizuia sehemu yake lisitoroke, kama shuka zito juu ya mtu aliyelala. Kabla ya zama za viwanda hewa hiyo ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni ya hewa. Sasa imepita 420. Mtoto wa gredi ya 8 anaweza kupiga hesabu ya ongezeko hilo mwenyewe: nusu ya kiwango cha zamani imeongezeka juu yake.

Plastiki nayo ina ubaya wake. Inaziba mitaro na kuua kasa, na Kenya ilifanya vyema kupiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 28 Agosti 2017. Inatengenezwa kwa mafuta, kwa hiyo uhusiano na joto upo. Lakini mtoto akiokota chupa ufukweni asije akaamini kwamba joto la dunia amelipunguza. Tukimwachia imani hiyo tumemwibia kitu.

Kwa watoto wa pwani kuna majaribio mawili ya bahari ambayo hayana gharama. Jaza chupa maji yenye rangi mpaka mdomoni, toboa kifuniko, pitisha mrija na uzibe pembeni kwa nta ya mshumaa. Weka alama maji yalipofikia kwenye mrija, iache chupa juani. Maji yatapanda mrijani bila kuongezwa hata tone, kwa sababu maji yakipata joto yanatanuka. La pili, nunua barafu kwa wauza samaki. Glasi moja barafu ielee ndani ya maji, glasi ya pili barafu iwekwe juu ya jiwe lililochomoza juu ya maji. Wekeni alama. Zikiyeyuka, ya kwanza maji yamebaki pale pale, ya pili yamepanda. Hapo unawaeleza kwa nini barafu ya nchi kavu kule Greenland inaihusu Gazi na Pangani.

#6 Mtoto wa Mkulima wa Mwani

Ahsante sana mwalimu. Mimi niko Unguja, mama yangu analima mwani tangu miaka ya tisini. Huku kwetu jambo hili watoto wanaliona nyumbani kabla ya kulisikia skuli. Mwani aina ya cottonii ndio wenye bei nzuri, lakini maji ya kina kifupi yakipata moto unaoza na kukatika, na wakulima wengi wamebaki na spinosum ambao bei yake ni ndogo.

Nimesoma uzi huu nikawaza: kwa nini watoto wa skuli za mashamba wasipime joto la maji kila bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yakikupwa, pale pale kwenye vigingi vya mama zao? Mama zetu wanasema "maji yamechemka". Watoto waweke tarakimu hapo.

Kisha kuna jambo la kutenda. Dawa mojawapo inayosemwa ni kuuhamishia mwani maji ya kina kirefu ambako hakuna joto sana. Lakini wanawake wengi hawajui kuogelea. Mimi naona msichana wa miaka 13 anayefundishwa kuogelea hapa kwetu anaandaliwa kwa mabadiliko ya tabianchi kuliko yule anayekaririshwa maana yake.

#7 Mwalimu wa Kwale

Ndugu yangu, hili la kuogelea sikuwahi kulifikiria, na nakushukuru kwa kulileta. Nitalipeleka kwa wenzangu. Wengi wetu tunafundisha watoto wa wavuvi ambao wasichana wao hawajawahi kuingia maji yanayopita kiuno.

#8 Mwalimu wa Tana River

Naomba niongeze upande mwingine. Kwetu watoto hawahitaji kuambiwa mambo yamebadilika. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikaisha. Halafu mwisho wa 2023 mto ukajaa kwa mvua za El Niño, na Aprili na Mei 2024 ukafurika tena, hata ufunguzi wa shule nchi nzima ukaahirishwa. Nina wanafunzi waliolala kambini.

Ukiingia darasani na picha za mafuriko mbele ya mtoto kama huyo unamfunga mdomo. Sisi tulianza na ramani. Kila mtoto alichora njia kutoka kwao hadi shuleni, kisha akaonyesha maji yalifika wapi. Tukaziunganisha zikawa ramani moja kubwa ya kijiji. Watoto walibishana sana: hapa yalifika magotini, hapana, kiunoni. Ikabidi watoke kwenda kutazama alama za matope kwenye kuta na kuuliza majirani. Mwisho wake wakatambua kilima kimoja ambacho hakikuguswa mara zote mbili, na njia ya kukifikia bila kukatiza laga, yaani mkondo wa mto wa msimu. Ramani ile ilipelekwa kwa chifu, na nakala yake iko ukutani.

Hofu haikuisha, sitadanganya. Ila mtoto aliyekuwa akilia mvua ikianza kupiga bati sasa anajua miguu yake itaelekea wapi.

#9 Mtazamaji

Nawaheshimu walimu wote humu, lakini kuna swali hamjaligusa. Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa inayotokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi duniani. Umeme mwingi wa Kenya unatoka kwenye joto la ardhi kule Olkaria, mabwawa na upepo. Kwa nini mtoto wa Kwale apimishwe kuni za githeri wakati waliochafua wanaendelea kuruka na ndege? Huku si kuwabebesha watoto maskini dhambi za matajiri?

#10 Mwalimu wa Kwale

Ndugu, hilo ndilo swali la pili la watoto, "Hiyo ni haki?", na wanaliuliza kwa hasira kama wewe. Siwazimi. Takwimu hiyo ya asilimia 4 naiandika ubaoni. Nawaambia kwamba mwaka 2022, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa kule Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubaliana kuunda mfuko wa kuzisaidia nchi zinazopata hasara na uharibifu, na mwaka uliofuata Dubai mfuko huo ukaanzishwa rasmi. Nawaambia pia kwamba kuahidiwa pesa na kuzipokea ni mambo mawili. Mtoto wa miaka 13 anastahili ukweli wote.

Kuhusu kuni: hatupimi kuni ili kuisafishia dunia hewa. Tunapima kwa sababu kuni ni pesa za wazazi, moshi unaingia kwenye mapafu ya mpishi, na mikoko yetu hukatwa kuni. Faida hizo zinabaki hapa hapa kijijini. Watoto wanalielewa hilo upesi ukiwaeleza hivyo.

Na tuna mfano jirani unaofaa kwa mdahalo. Tangu 2013, vijiji vya Gazi na Makongeni vinatunza hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, na kuuza ile kaboni inayohifadhiwa na msitu huo, yaani anayechafua hewa kwingine hulipa ili msitu uendelee kuhifadhi kaboni iliyotoka kwenye hewa ukaa. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mapato yamepeleka maji kijijini na vifaa shuleni. Baadaye Vanga nao wakafuata, kwa eneo kubwa zaidi, hekta zaidi ya 460. Nawapa darasa mada hii: je, ni haki mtu wa mbali alipe ili sisi tutunze msitu, naye aendelee kuchafua? Upande mmoja unatetea maji safi na vitabu vilivyopatikana. Upande wa pili unauliza mlipaji atapunguza moshi wake lini. Nimesikia hoja pale ambazo sijazisikia kwa watu wazima.

Kabla ya mdahalo huo lazima waingie matopeni. Matope ya mikoko hayana oksijeni ya kutosha, kwa hiyo mizizi na majani yaliyofukiwa humo yanaoza polepole mno, na kaboni inabaki chini miaka na miaka. Mtoto akichota tope lile jeusi na kusikia harufu ya yai bovu, anaelewa kwamba humo hewa haiingii.

Na kama mtapanda mikoko, naomba sana, watoto kwanza watazame nini kinaota wapi. Mikoko ni ya aina nyingi: mlilana unasimama mbele, ukiangalia bahari. Nyuma yake ule uitwao mkoko wenyewe, kisha mkandaa kuelekea nchi kavu. Mchu utaukuta mbele na pia nyuma kabisa, penye chumvi kali. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, ndefu kama rula, na kuichomeka matopeni ni kazi rahisi ambayo kila mgeni anaiweza. Ndiyo maana inachomekwa hata pale ambapo mawimbi ya bamvua yataing'oa. Waacheni watoto wachore mstari kutoka majini hadi nchi kavu, wahesabu aina za miti kila hatua kumi, wamuulize mzee wa kijiji paliota nini zamani, ndipo waamue. Baada ya kupanda warudi kuhesabu iliyo hai baada ya miezi mitatu, sita, na mwaka. Idadi ya iliyo hai ndiyo iandikwe kwenye ubao wa shule.

#11 Mwalimu wa Jiji

Nimefuatilia uzi wote. Mimi niko Nairobi, shule yetu iko katikati ya mabati, hatuna shamba, hatuna bahari, kuni hatupiki. Madarasa yana watoto wengi mno. Nianzie wapi?

#12 Mwalimu wa Kwale

Mwalimu, anza na hayo mabati. Tafuta kipimajoto kimoja cha kawaida. Saa 2 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri watoto wasome joto mahali pawili: ndani ya darasa, usawa wa kichwa cha mtoto aliyekaa, na nje kivulini. Kipimajoto kisiguse ukuta wala kisipigwe na jua. Pembeni yake waandike jambo la pili: wangapi wamesinzia au wanaumwa kichwa. Gawa darasa makundi ya watano watano, kila kundi wiki yake, hivyo wingi wao hautakusumbua.

Mvua ikinyesha, kundi jingine lizunguke kuangalia mitaro ya karibu ipi imeziba na maji yanasimama wapi. Baada ya mafuriko ya 2024 nina hakika watoto wako wanajua pa kuanzia, ila watembee na mtu mzima na wasiingie kwenye maji.

Wakati huo huo muone mwalimu mkuu mapema umuulize ni jambo gani moja yuko tayari watoto waliamue: matundu ya hewa juu ya ukuta, kupaka bati rangi nyeupe, kuhamisha somo la michezo litoke saa za jua kali, au kuandika barua kwa mwakilishi wa wadi kuhusu mtaro. Apate kulitaja kwa kinywa chake mbele ya watoto kabla hawajaanza kupima. Vipimo vya wiki mbili za mwanzo vilete hapa, tuvisome pamoja, na mwalimu wa Tanga naye alete vya kwake.